Diski Mbili, Sauti Moja

Mama mkwe wangu hawezi kuvumilia kikaratasi kilichobandikwa kwenye kitu. Ukinunua ndoo asubuhi, ikifika jioni haina jina la kiwanda. Sahani anazikwangua, viatu vipya anavigeuza soli na kubandua bei, na kuna wakati alizibandua chupa za dawa, tukabaki tunakisia ipi ya kikohozi na ipi ya vidonda. Ukimwambia, anasema kitu kikiwa chako hakina haja ya kutangaza kilikotoka. Ana moyo mzuri mama yule, sisemi hana, na miaka yote niliyokaa naye nimemeza mengi. Lakini siku ya diski, nusura nisimeze.

Mume wangu alikuwa dalali wa mnada. Watu wote wanamwita Dalali, hata mama yake. Alikuwa akisimama juu ya meza na kuuza kabati bovu kwa maneno matupu mpaka aliyelinunua anaondoka akijiona mjanja. Sauti yake ilikuwa na mkwaruzo fulani pembeni, na ukiisikia mara moja huisahau. Kisha daktari akaona uvimbe kwenye kikoromeo, akasema hakuna cha kubembelezana, kinatolewa chote. Siku hizi anapumulia tundu la shingoni, na mdomo wake ni wa kula na kucheka bila sauti.

Kabla ya upasuaji, wataalamu wa mambo ya sauti walimpa sentensi nyingi mno azisome nyumbani mbele ya kipaza sauti. Akishapona, walisema, watamtengenezea kifaa kidogo: yeye anaandika, kifaa kinasema, tena kwa sauti yake mwenyewe na si ya roboti. Mimi nashona mapazia, kwa hiyo nilikifunika chumba cha nyuma kwa mapazia mazito ili kisitoe mwangwi, naye akajifungia humo, siku nenda siku rudi, anasoma. Alisoma mpaka siku moja kabla ya kulazwa. Sauti yote hiyo ilikaa kwenye kompyuta yetu ya nyumbani, ikisubiri apone.

Sasa niwaambie kwa nini jambo hili lilikuwa langu kuliko lake. Mimi ni mtu wa maneno, na hasira zangu ziko karibu. Zamani nikisema moja Dalali anasema mbili, tunapandishana, majirani wanapunguza redio wasikilize, halafu tunakula na yanakwisha. Tangu atoke hospitali anaandika kwenye kibao cheupe. Jamani, huwezi kugombana na kibao. Nikisema neno, anachukua kalamu, anafungua kifuniko, anaandika kwa hati yake nzuri isiyo na haraka, na akimaliza mimi hasira zimeshapoa na kilichobaki ni aibu ya kumfokea mgonjwa. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu, mume wangu anijibu. Na majibu yake yalikuwa ndani ya kompyuta.

Aliyeiunda kompyuta hiyo ni shemeji yangu, mdogo wake Dalali, fundi wa kompyuta tunayemwita Waya kwa sababu ya wembamba na kwa sababu ya kazi. Aliweka ndani diski mbili zinazofanana, zikifanya kazi kama mtu na kioo chake: kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa kwenye nyingine papo hapo. Moja ikiharibika, alisema, nyingine inaendelea na kazi kana kwamba hakuna msiba. Basi tukajiona tumemaliza. Hatukuwa na nakala nyingine popote.

Jumamosi hiyo Waya alikuja kuchukua sauti awapelekee wale wataalamu. Akawasha kompyuta, yakatokea maandishi mekundu, akayasoma, akanyamaza. Shemeji yangu akinyamaza ujue kuna jambo, maana huyu huongea hata akiwa anapiga mswaki.

"Haya maandishi yanatokea tangu lini?" akauliza.

Nikamtazama Dalali. Dalali akaandika: *Kitambo. Huwa nayafunga.*

"Unayafunga."

*Yanaziba picha.*

Waya akajishika kichwa. Diski moja, akatueleza, ilishatoka kwenye jozi na haiandiki tena. Nyingine imekuwa ikibeba mzigo peke yake. "Kwa hiyo sasa hivi sauti ya kaka iko mahali pamoja tu duniani," alisema, "na mahali penyewe pamezeeka."

Dawa yake, alisema, ni kununua diski mpya, kuiweka mahali pa ile mbovu, na kuiacha ile nzima imwandikie mwenzake mpya kila kitu upya. Akazima mashine, akafungua ubavu wake, likatoka vumbi la kujaza mto. Akachomoa diski zote mbili ili apulize ndani, akabandika kipande cha tepu ya kijani kwenye ile mbovu, akaziweka juu ya meza ya kulia chakula. Kisha tukaondoka wote wawili kwenda dukani. Nilimfuata kwa sababu Waya akiachwa peke yake kwenye duka la vifaa anahamia. Dalali alikuwa amejilaza chumbani, dawa zake zinamlaza mchana.

Tuliporudi, meza ilikuwa inang'aa. Diski zilikuwa juu ya kitambaa kilichokunjwa vizuri, moja juu ya nyingine, safi, tupu, hazina hata herufi. Si tepu tu iliyoondoka. Zile karatasi za kiwandani zenye namba nazo zilikuwa zimebanduliwa, na gundi yake imesuguliwa kwa mafuta ya kupikia.

"Nimewasafishia," mama mkwe alisema, amefurahi. "Vilikuwa vichafu hivyo."

Waya akaweka mfuko chini taratibu. "Mama, kulikuwa na tepu ya kijani."

"Ndiyo, niliitupa."

"Ilikuwa kwenye ipi?"

Mama akazitazama diski. Akaigeuza moja, akaigeuza nyingine. "Mbona zinafanana," alisema, na hapo ndipo alipoona nyuso zetu.

Nilifungua mdomo. Naapa maneno yalikuwa yamejipanga foleni, makubwa mbele. Lakini Dalali alikuwa ameamka na kusimama mlangoni, na safari hii kibao kilikuwa kimeandikwa tayari, kimeinuliwa mbele ya macho yangu: *Ni mama yangu.* Nikafunga mdomo. Nikaenda bafuni, nikafungulia bomba, nikayasema yote ndani ya ndoo mpaka ikajaa. Niliporudi, mama mkwe alikuwa ameshaingia jikoni na kuurudisha mlango.

"Si uziunganishe zote mbili uone ipi mbovu?" nikamuuliza Waya.

"Ningejua imekufa ningefanya hivyo. Tatizo haijafa, shemeji, imezimia. Inaweza kuamka leo ikidhani bado ni ile siku iliyoanguka. Kila moja itaapa kwamba yeye ndiye mwenye habari sahihi. Nikiziweka pamoja, halafu ile ya zamani ikaaminiwa kwanza, itaandika mambo yake ya zamani juu ya mapya."

"Na tunayoyataka ni mapya."

"Kaka alisoma mpaka siku ya mwisho. Sijui hii ilianguka siku gani."

Kwa hiyo akaamua kuziamsha moja moja, kwa kusoma tu, bila kuruhusu mashine iandike hata nukta. Akapangusa mafuta kwa spiriti na kitambaa kikavu, akaunganisha ya kwanza. Ikazunguka laini kabisa. Mafaili yakajitokeza, na mimi nikashusha pumzi. Waya hakushusha ya kwake. Aliteremka na orodha mpaka chini, akaangalia tarehe, akarudia, akamwonyesha Dalali kwa kidole. Usomaji uliishia katikati. Siku zote za mwisho kabla ya hospitali hazikuwamo.

"Hii ndiyo iliyozimia," alisema. "Inaonekana nzima, ina adabu zote, na ingetupoteza vizuri sana."

Akaitoa, akaiweka mbali, na safari hii hakuna aliyebandika kitu. Niliishika mimi mwenyewe mapajani. Akaunganisha ya pili. Kimya. Akagusa waya, akawasha tena. Ikagonga mara moja, kama mtu anayegonga mlango na kughairi, ikanyamaza. Waya akazima haraka. Kijasho chembamba kilikuwa kinamtoka puani.

"Mafuta yameingia kwenye meno ya umeme," alisema. "Nataka kitu chembamba, kikavu, chenye nywele laini."

Nikamletea ile brashi ninayosafishia uchafu wa nyuzi ndani ya cherehani. Akaichovya kwenye spiriti, akasugua jino moja baada ya jingine huku kauma ulimi. Dalali alimshikia taa ya simu. Mimi nilisimama nyuma yao nikimwambia Waya asugue vizuri, asisugue sana, asiache pembe, mpaka akaniuliza kama nataka kuchukua nafasi yake. Nikamwambia nikichukua nafasi yake atakula wapi. Huo ndio utani tuliokuwa nao, na siku hiyo hata haukuchekesha.

Akaunganisha tena. Tukangoja. Ikaanza kuzunguka, kwanza kwa kujikongoja, kisha sawasawa, na orodha ikatokea. Waya akateremka mpaka chini. Siku za mwisho zilikuwamo zote. Nilimshika Dalali mkono, nikagundua kuwa mkono wake ulikuwa wa baridi kuliko wangu.

"Sasa nakili kwenye flashi kwanza," nikasema.

"Sina flashi ya kutosha mzigo huu. Diski mpya ndiyo pekee yenye nafasi." Akageuka atutazame wote wawili. "Niseme ukweli. Hii na ile iliyozimia ni pacha. Zimenunuliwa siku moja, zimefanya kazi ile ile. Kuijenga jozi upya ni kuifanya hii isomwe yote, mwanzo mpaka mwisho, bila kupumzika. Kazi hiyo ndiyo huziua. Nataka niisomeshe mara moja tu."

"Na ikizimia katikati?"

Waya akamtazama kaka yake. Dalali akachukua kalamu. Nilidhani atatoa uamuzi, sauti ni yake. Akaandika: *Muulize yeye,* akanielekezea kidole mimi.

Ningempiga. Mambo yote ya nyumba hii nikiamua ananiita dikteta, na hili moja ndilo ananiachia. "Anza," nikasema, kwa sababu kungoja kulikuwa kunaizeesha tu. Waya akaweka diski mpya mahali pake, akabonyeza, na mstari mwembamba wa kijani ukajitokeza kwenye skrini, mfupi kama kucha.

Ukaanza ulinzi. Nilizima cherehani ya umeme isije ikachezesha taa. Nilikataza pasi. Jirani alikuja kuulizia pazia lake, nikampokea nje na kumrudisha huko huko. Mstari ulikwenda, lakini ulikwenda kwa mwendo wa mtu asiye na safari. Karibu na nusu, diski ikaanza kukwaruza, na mstari ukasimama. Waya akasogeza uso mpaka karibu aguse kioo.

"Inarudia kusoma sehemu moja," alisema kwa sauti ndogo. "Iacheni."

Dalali aliweka kiganja juu ya mashine, kama unavyompima mtoto homa.

"Toa mkono, utaipa joto," nikamwambia.

Akautoa, akatabasamu, na hilo tabasamu likanichoma. Sikuweza kukaa hapo. Nikaenda jikoni.

Mama mkwe alikuwa anaosha sufuria. Ilikuwa safi tangu asubuhi, nilikuwa nimeiosha mimi. Hakugeuka.

"Inakwenda?" akauliza.

"Imesimama kidogo."

Akaendelea kusugua. "Nimewasikia mnasema sauti ya mwanangu imo ndani ya vile vyuma."

"Ndiyo, mama."

"Mbona hamkuniambia? Nilikuwa nasikia anasoma huko nyuma kila siku, nikafikiri anasali. Kisha vyuma vikawekwa mezani, ninapowekea mkate. Ningejua ni yeye, ningevigusa mimi?" Akaiacha sufuria, mikono ikabaki ndani ya maji. "Sasa kama imepotea, ni mimi niliyemnyamazisha mara ya pili."

Hasira zangu zote ziliishia pale pale. Alikuwa amesema kweli, hakuna aliyemwambia. Tulimwona mzee, tukaona mambo ya kompyuta si yake, na mtoto ni wake. Nikamshika bega, nikamwambia hajamnyamazisha mtu, aje akae nasi sebuleni. Akasema atakaa huko huko, mikono yake haina bahati leo. Nikamsuuzia sufuria.

Niliporudi mstari ulikuwa umetembea. Waya alinionyesha kwa kidevu. Ulikwenda, ukasita, ukaenda tena. Robo ya mwisho niliiangalia kupitia vidole. Kisha maandishi yakabadilika, ya kijani yote, na Waya akayasoma mara mbili kimoyomoyo kabla ya kutusomea.

"Zote mbili ziko sawa. Hakuna kilichopotea."

Nilikaa chini, sakafuni, hapo hapo nilipokuwa. Nilicheka, nikalia, kamasi zikanitoka, nikajifuta kwa kipande cha pazia la jirani. Moyo ulikuwa mwepesi hata nikawa naogopa kusimama. Waya alijinyoosha mifupa ikalia yote, akatangaza kwamba ana njaa ya watu watatu. Dalali alikuwa ameketi tu, analitazama lile neno la kijani, mabega yake yakiteremka polepole, na hapo ndipo nilipojua utulivu wake wote wa siku ile ulikuwa wa kujikaza.

"Tujaribu moja," Waya akasema. Akafungua folda ya wataalamu, akabonyeza. *Naomba maji,* ikasema sauti ya mume wangu, na mkwaruzo wake pembeni. Nikafumba macho. Waya akabonyeza nyingine. *Naumwa hapa.* Na nyingine. *Tafadhali nisaidie kuinuka.*

Chini ya folda hiyo kulikuwa na folda nyingine ndogo, ya zile siku za mwisho. Iliitwa Za Nyumbani. Waya alipoisogelea, Dalali akawahi kuweka mkono juu ya kipanya.

"Hiyo ni nini?" nikauliza.

Akatikisa kichwa.

Mimi nikatikisiwa kichwa? Niliinuka sakafuni, nikamwondoa mkono, nikafungua. Majina ya mafaili yalikuwa sentensi zenyewe. Nilisoma mpaka katikati ndipo nikaelewa, nikabonyeza moja bila kuchagua.

*Mke wangu, hilo umeshalisema jana.*

Waya akaanza kuchunguza dari. Nikabonyeza nyingine. *Sikuiacha mimi hiyo taa.* Nyingine. *Haya, umeshinda, tule.* Zilikuwa nyingi, na zote zilisemwa kwa sauti ile ile ya kuchoshwa aliyonayo akiwa hajachoka kabisa, sauti ya mtu anayeingia uwanjani.

Dalali aliandika, na kwa mara ya kwanza aliandika haraka, hati ikaenda upande: *Sentensi zao zote zilikuwa za mgonjwa. Nikaona kwa hizo peke yake sitaweza kuishi na wewe.*

Nililia tena, kulia kwingine sasa. Nilimlilia yeye aliyekaa peke yake nyuma ya mapazia yangu, kesho yake anakatwa koo, anafikiria nitakasirikia nini mwakani. Na kwa kuwa mimi ni mimi, katikati ya machozi nikapandwa na hasira.

"Kwa hiyo mimi nilikuwa silali kwa ajili yako, kumbe wewe umejifungia humu unajiandaa kunijibu?"

Dalali akavuta kipanya kwake. Akateremka na orodha, akatafuta, akabonyeza.

*Sasa umeanza.*

"Sijaanza. Nauliza."

*Punguza sauti, majirani wanasikia.*

"Wasikie. Kwa nini ulinificha? Miezi yote nasomeshwa kibao, kumbe haya yamo humu. Nani alinificha?"

Akatafuta. Alichukua muda kidogo, lakini si kama wa kibao. Nilimwona anavyochagua, ana raha machoni.

*Si mimi.*

"Si wewe? Ni nani basi, ni Waya?"

"Mimi msinitaje," akasema Waya.

*Kila siku mimi, kila siku mimi.*

"Ndiyo, kila siku wewe," nikamwambia, na sauti yangu ilikuwa juu kama zamani, na yake ikanifuata juu kama zamani, moja, nyingine, tena, hata nikawa sijui ipi ananijibu na ipi naidakia mwenyewe.

Jikoni sufuria ikawekwa chini kwa kishindo. Mlango ukafunguliwa, na mama mkwe akatoka mbio mbio, mikono inadondosha maji, amekunja uso, kama alivyokuwa akitoka miaka yote kuja kutuamua.

"Jamani, mmeanza tena nyinyi wawili?"

Akasimama pale pale mlangoni. Akautazama mdomo wa mwanawe uliofungwa, akaitazama mashine, akarudi kumtazama mwanawe. Maji yalikuwa yanadondoka sakafuni.

"Yeye ndiye aliyeanza, mama," nikamwambia.